Kisomaji au kigeuzi? Miezi mitatu ya kusikiliza CD sebuleni Kisumu

CD ninazozitegemea kupimia vyombo vya muziki ni mbili, na zote ni za nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Ya kwanza ni ya Ayub Ogada, iliyotolewa na kampuni ya muziki ya Real World mwaka 1993. Ya pili ni ya wapigaji wa kijijini, na ndani yake husikika kila kitu: nyuzi nane, njuga za mguuni, na ile pete ya chuma ambayo mpigaji huivaa kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye ubao wa ala ili ajiwekee mapigo. Mgoto huo wa chuma juu ya ubao ni mkali na mfupi mno, na chombo chenye uzembe huumbuka hapo kabla hakijaumbuka kwenye magitaa ya benga au tarumbeta za rumba. Kwa miezi mitatu iliyopita nimezisikiliza CD hizo kiasi kwamba mke wangu sasa hutoka kwenda uani mara tu anapoliona kasha mkononi mwangu.

Chanzo cha yote ni kifo cha mashine yangu ya CD, iliyonitumikia kwa miaka kumi na tisa. Fundi wangu wa Kondele aliifungua, akaitazama kwa tochi, akanipa hukumu bila kunizungusha: "Mwalimu, lenzi imechoka, na ya aina hii haipatikani tena." Ilinibidi kuamua kama nitatafuta mashine nyingine kamili au nitanunua kazi zake mbili kwa vipande.

Mashine ya kawaida ya CD ni wafanyakazi wawili wanaoishi chumba kimoja. Mmoja husoma: huzungusha diski, huimulika kwa leza na kutoa tarakimu. Mwingine hugeuza: huzipokea tarakimu hizo na kuzifanya umeme unaopanda na kushuka, ambao amplifaya inaweza kuukuza na spika kuutamka. Ukiwatenganisha unapata kisomaji, ambacho hakina sauti yake mwenyewe ila tundu la kutolea tarakimu, na kigeuzi, ambacho hakijui CD ni nini. Wauzaji wa vyombo ghali hudai kwamba kila kimoja kati ya hivi viwili hubadili sura ya muziki. Nilitaka kujua ni shilingi ipi inayonunua kitu na ni ipi inayopotea njiani.

Upande wa kusoma nilikuwa na vyombo viwili. Cha kwanza ni deki ya DVD ya mtumba niliyoiokota soko la Kibuye kwa shilingi 1,500. Jina lililoandikwa usoni mwake halina maana kwa mtu yeyote, lakini nyuma ina tundu la koaksia (la waya wa shaba) na tundu la mwanga (la waya unaopitisha mwanga badala ya umeme), na hayo ndiyo niliyoyahitaji. Cha pili ni Cambridge Audio CXC, kisomaji halisi kilichoingia sokoni mwaka 2015, ambacho nilikipata kikiwa eksi-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, kwa shilingi 38,000 pamoja na gharama ya kukisafirisha. Upande wa kugeuza nilikuwa na kijisanduku cheusi kisicho na jina, cha plastiki, kilichonigharimu shilingi 2,200 katika duka moja la Oginga Odinga Street, pamoja na Topping E30 iliyotumika, kwa shilingi 14,000. Vyote vililisha amplifaya moja, NAD 3020, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1978 na ambayo wati zake 20 zinanitosha kabisa, na spika ndogo za Wharfedale zilizokaa juu ya viti vya mbao vya seremala wa mtaani.

Nianze na kusoma, kwa kuwa hapo ndipo maneno mengi husemwa na machache huelezwa. Tarakimu za CD zimepangwa katika mstari mmoja unaojizungusha kutoka katikati kwenda ukingoni, wenye urefu wa takriban kilomita 5, na nafasi kati ya mzunguko mmoja na unaofuata ni maikromita 1.6. Diski huzunguka mara 500 hivi kwa dakika leza ikiwa karibu na katikati, kisha hupunguza mwendo hadi mara 200 hivi inapokaribia ukingo. Kila sekunde kisomaji kinapaswa kutoa sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa kila upande wa stirio, kila sampuli ikiwa na biti (0 au 1) 16, yaani biti 1,411,200. Ukifikiria vumbi la Kisumu, ni ajabu kwamba jambo hili hufaulu hata kwa dakika moja.

Linafaulu kwa sababu Philips na Sony, walipoafikiana kuhusu kanuni za CD mwaka 1980, walitarajia mikwaruzo. Tarakimu za kipande kimoja cha muziki hutawanywa na kuchanganywa na nyingine, zikafuatana na tarakimu za ziada za kurekebishia makosa, hivi kwamba pengo la hadi milimita 2.5 kwenye mstari linaweza kujazwa kikamilifu bila hata biti moja kukosekana. Leza nayo hulenga ndani ya plastiki, si juu yake: mahali inapoingilia, doa la mwanga lina upana wa karibu milimita nzima, na huja kuwa dogo mno linapofika kwenye tabaka la tarakimu. Ndiyo maana unywele au chembe ya vumbi juu ya uso wa chini haina madhara makubwa. Upande wa juu, penye maandishi, ndio unaoua CD, kwa kuwa tabaka la tarakimu lipo hapo hapo chini ya rangi, likilindwa na vanishi nyembamba tu. Watu huwa wanalaza CD kwa upande wa maandishi juu ya meza ili walinde ule unaong'aa. Wanalinda mlango huku wakibomoa ukuta.

Jaribio langu la kwanza halikuhitaji masikio. Nilinasa tarakimu zinazotoka kwenye kila kisomaji kwa kutumia kompyuta na kadi ndogo ya sauti yenye tundu la mwanga, kisha nikazilinganisha na faili niliyoitoa kwenye CD hiyo hiyo. Kisomaji cha Cambridge Audio kilitoa tarakimu zile zile, biti kwa biti, tofauti ikiwa mahali zilipoanzia tu. Deki ya Kibuye ilinishangaza kwa kushindwa, na baadaye ikanishangaza zaidi kwa kufaulu. Ilishindwa kwa sababu kitufe cha sauti kwenye rimoti yake hupunguza pia tarakimu zinazotoka nyuma, na mtu aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa ameishusha. Nilipoipandisha hadi mwisho, na kuzima ule mpangilio wa sauti ya ukumbi wa sinema ambao mafundi wa deki hizi huupenda sana, tarakimu zake zikawa sawa kabisa na za chombo kilichonigharimu zaidi ya mara ishirini na tano ya bei yake. Ili kuufikia mpangilio huo nililazimika kuiunganisha na televisheni, maana deki ya DVD bila kioo ni kipofu.

Mtu anaweza kupinga kwamba tarakimu kuwa sawa hakutoshi, na pingamizi hilo lina msingi wa kiufundi. Njia ya kupeleka tarakimu kutoka kisomaji hadi kigeuzi, iliyobuniwa na Sony na Philips, husafirisha saa ndani ya tarakimu zenyewe. Kigeuzi hakina namna ya kumwambia mtumaji, "Rudia, sikusikia"; hupokea na kufuata mwendo anaopewa. Mtumaji akiwa na mkono unaotetemeka, sampuli zitawasili zikiwa sahihi kwa thamani ila si kwa wakati, na mtetemo huo, ambao wataalamu huuita jita, unaweza kuleta uchafu kwenye sauti. Hayo yote ni kweli. Kinachosahaulika ni kwamba kigeuzi cha kisasa kinachostahili jina hilo huipokea saa hiyo na kuisafisha kabla ya kuitumia, kwa hiyo tabia mbaya ya kisomaji huishia mlangoni.

Masikio yangu yalikubaliana na maelezo hayo. Nilikuwa na nakala mbili za CD moja, nikaziweka katika visomaji vyote viwili na kuviunganisha na Topping, deki kwa koaksia na kile cha Cambridge Audio kwa waya wa mwanga. Mpwa wangu alikaa nyuma yangu na rimoti, akavibonyeza vyote vianze pamoja, akawa anahama kutoka tundu moja hadi jingine kwa kurusha sarafu, nami nikawa natamka ninachodhani kinaimba. Katika raundi 20 nilipatia 11. "Mjomba, hata mimi ningepata hizo nikiwa nimelala," aliniambia, nami sikuwa na la kujibu.

Hata hivyo visomaji hivi si sawa, na tofauti zake ni za kazi ambayo hakuna anayeisifia dukani. Deki ya DVD hunyamaza kwa muda mfupi kati ya wimbo na wimbo. Kwa CD ya kawaida hutalijua hilo, lakini katika rekodi ya jukwaani, ambamo wimbo mmoja huzaa mwingine bila ngoma kusimama, kile kimya kidogo ni kama mtu amekuziba masikio na kuyaachia. Deki hiyo pia hunguruma inapotafuta wimbo, na usiku, mtaa ukitulia, mngurumo huo husikika hadi kitini. Kikubwa zaidi ni diski mbovu. Nilikusanya CD 12 zilizokwaruzwa, nyingi zikitoka kwenye magunia ya Kibuye ambamo CD asili za wanabenga kina Misiani hulala bila makasha kama samaki waliokaushwa. Kisomaji cha Cambridge Audio kilizipiga 10 kutoka mwanzo hadi mwisho. Deki ilizimudu 7, na katika nyingine ilikwama na kurudia neno moja hadi nikaichomoa. Mbili zilizowashinda wote, ukizishika dhidi ya jua, unaona mwanga ukipenya kwenye matundu ya upande wa maandishi. Hakuna pesa itakayozifufua.

Kwa hiyo, anayeuza kisomaji kwa kuahidi kwamba besi itakuwa nzito zaidi anakuuzia hadithi. Anayekiuza kwa kukuambia kwamba CD ulizorithi zitapigwa bila kukwama anakuuzia kitu cha kweli, na kwa mtu mwenye CD za zamani katika mji huu wenye vumbi na joto, hicho ndicho cha kulipia. Ila ajue anachokinunua: kisomaji hiki husoma CD za muziki tu. Ukikipa diski iliyojazwa MP3, zile za nyimbo mia na hamsini zinazouzwa stendi, hakitazipiga, wakati deki ya shilingi 1,500 huzila zote bila kulalamika. Na kwa kuwa nimezitaja, niseme pia kwamba CD nyingi za kuchoma ambazo zimepangwa kama CD za kawaida zilichomwa kutoka kwenye MP3 hizo hizo, ambazo hupunguzwa ukubwa kwa kukata sehemu ya sauti. Kilichokatwa hakirudi, hata ukikipeleka kwenye kigeuzi cha nusu milioni.

Nikihamia kwenye vigeuzi, historia inasaidia kidogo. Mashine ya kwanza ya CD kuuzwa, Sony CDP-101, iliyotoka Japani tarehe 1 Oktoba 1982, ilikuwa na kigeuzi kimoja kilichohudumia pande zote mbili kwa zamu, hivyo upande mmoja ukachelewa kwa maikrosekunde 11 hivi, sawa na kusogeza spika nyuma kwa milimita 4. Philips nao hawakuwa na kigeuzi cha biti 16 kilicho tayari, wakatumia cha biti 14 na kufidia upungufu kwa kuzidisha sampuli mara nne. Wakati huo kigeuzi kilikuwa tatizo la kweli, na aliyenunua kizuri alisikia alichokilipia. Miaka zaidi ya arobaini baadaye, chipu inayofanya kazi hiyo vizuri huuzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Topping E30 hutumia ile ya AK4493 kutoka kampuni ya Kijapani ya AKM, ambayo kiwanda chake cha Nobeoka kiliungua Oktoba 2020, jambo lililowafanya watengenezaji wengi wahamie chipu nyingine. Wapo wanaoitafuta E30 ya kabla ya moto kana kwamba ni ng'ombe wa mahari. Mimi nilichukua niliyoipata.

Nilipoiweka Topping badala ya kijisanduku cheusi kwa mara ya kwanza, tofauti ilinigonga: pete ya nyatiti ilikuwa karibu zaidi, njuga zilimeta, sauti ya mwimbaji ilikuwa na mwili. Nilikuwa tayari kuandika sifa. Kisha nikachukua mita, nikapiga toni ya hezi 100 na kupima volti zinazotoka kwa kila kimoja. Topping ilitoa volti 2.0, kijisanduku 1.7. Hiyo ni tofauti ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 1.4, na sikio la binadamu halisemi "sauti imeongezeka kidogo"; husema "hii ni nzuri zaidi". Mpwa wangu alinijaribu bila kusawazisha nikapatia 19 kati ya 20. Tukaishusha Topping kwa hatua tatu za nusu desibeli, ili vilingane kwa karibu, tukarudia. Mara hii nilipatia 14 kati ya 20. Bahati tupu inaweza kukupa 14 au zaidi takriban mara 6 katika kila 100, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba nilisikia kitu, wala siwezi kuapa kwamba sikusikia. Kama kipo, ni chembamba kama uzi wa buibui, na kinasikika kwenye njuga peke yake.

Ninayemlaumu ni yule anayelinganisha vigeuzi dukani bila kusawazisha sauti. Fundi mwenye rafu mbili za vyombo anaweza kukuuzia chochote kwa kugusa kitasa.

Kilichonifanya nibaki na Topping hakikuhusu uzuri wa nyatiti. Kijisanduku kilikuja na adapta nyepesi iliyoleta mlio mwembamba kwenye spika, uliopungua nilipokilisha kwa pawabenki ya simu na kurudi nilipokirudisha ukutani. Zaidi ya hapo, mara tu nilipounganisha dekoda ya televisheni kwenye amplifaya ile ile, mngurumo mzito ulianza, na hapo kosa halikuwa la kigeuzi chochote: waya wa antena, waya wa koaksia na waya wa umeme vilikuwa vimefanya duara, na mkondo mdogo ulikuwa ukizunguka humo. Nilipoondoa koaksia na kuweka waya wa mwanga, ambao haupitishi umeme hata chembe, mngurumo ulikatika kama umekatwa kwa kisu. Nimewaona watu wakinunua nyaya za koaksia za shilingi elfu nane kwa ajili ya "usafi wa sauti" huku tatizo lao likitibika kwa waya wa plastiki wa shilingi 400. Topping ina matundu yote mawili pamoja na rimoti, na kwa nyumba ambamo televisheni na muziki hugawana spika, hiyo ni nafuu ya kila siku.

Kuhusu ukimya wa nyuma ya muziki, ambao matangazo ya vigeuzi hupenda kuupimia kwa desibeli 120 na kuendelea, sina mengi. CD yenyewe, kwa biti zake 16, ina takriban desibeli 96, na nyumba yangu ina paa la mabati. Mvua ya Aprili ikianza kushuka kutoka upande wa ziwa, hata kitasa cha sauti cha NAD kikiwa kimepandishwa sana, nyatiti hunyamazishwa na mbingu.

Kama ningeanza upya na shilingi 20,000 mfukoni, ningenunua deki ya DVD yenye tundu la mwanga, ningemlipa fundi aisafishe lenzi kwa spiriti safi, ningeongeza kigeuzi cha bei ya chini chenye adapta nzuri, na kilichobaki ningekipeleka chote kwenye spika, ambazo kosa lake moja ni kubwa kuliko makosa yote niliyoyataja hapa yakijumlishwa. Kisomaji halisi ningekingojea hadi CD zinazokwama zianze kuniuma.

Kwangu zimeshaanza kuniuma, kwa hiyo kile cha Cambridge Audio kimebaki juu ya kabati, chini ya kitambaa kinachokikinga na vijidudu vya ziwani vinavyofuata taa jioni. Kijisanduku nimempa mpwa wangu pamoja na pawabenki. Deki ya Kibuye iko chini ya meza, na Jumamosi mke wangu huitumia kwa zile diski zake za MP3, akiwa ameipandisha sauti kwa kitufe kile kile cha rimoti.